Fundi Nijibu: Mtoto akishika antena picha yaja, akiachia yaondoka

Mwezi huu barua zenu karibu zote ni za jambo moja, antena za ndani. Sishangai. Karo za shule zikiingia, malipo ya dekoda ndiyo hukatwa kwanza, na hapo ndipo watu hukumbuka kwamba stesheni za bure bado zinapita hewani juu ya mapaa yao. Nimechagua barua saba. Mlioniandikia kuhusu pasi na feni, ngojeni zamu yenu.

*Shikamoo Fundi. Nakaa Kisauni, chini kabisa katika nyumba ya orofa nne. Mwezi uliopita nilisimamisha dekoda nikanunua antena ya ndani, ile bapa nyembamba kama jalada la daftari, kwa shilingi 1,500. Boksi limeandikwa 4K na maili 300. Siku ya kwanza ilileta stesheni kumi na nane, siku ya pili tisa. Ajabu ni kwamba mwanangu wa miaka saba akiishika na kusimama nayo karibu na mlango, picha yaja safi. Akiiachia tu, yaganda. Juzi alisimama taarifa ya saa moja yote mpaka nikamhurumia. Tena jioni ndiyo huwa mbaya zaidi. Nimeuziwa kitu kibovu, au mtoto ana umeme? — Mama wa Kisauni*

Marahaba mama. Mwambie mtoto akae chini, kazi yake ameshaimaliza: amekuonyesha mahali antena inapotaka kuwekwa. Wewe ulidhani ameshika antena, kumbe ameshika mahali.

Nianze na hilo boksi, maana limenikera. Maili 300 ni kilomita 480. Kutoka hapa Mombasa hadi Nairobi kwa mstari ulionyooka hazifiki hata 450. Yaani boksi linakuahidi kwamba ukikaa Kisauni utashika mnara uliopo ng'ambo ya Nairobi. Dunia ni mviringo, na mawimbi ya televisheni husafiri karibu sawa na macho yanavyoona: upeo ukiisha, nayo yameisha. Mnara mrefu juu ya kilima hufika kilomita sitini, sabini, ukiwa na antena nzuri juu ya paa. Na hiyo 4K nayo ni pambo tu. Antena haijui 4K wala dijitali. Ni chuma kinachopokea mawimbi na kuyashusha kwenye waya. Antena ambayo marehemu babangu aliifunga juu ya mkungu, kama ni ya UHF, yaani ya masafa yanayotumiwa na dijitali, ingeshika dijitali ya leo bila kuuliza swali.

Sasa twende kwa mtoto. Mitambo inayotuhudumia sisi wa kisiwani na pembezoni mwake iko upande wa Mazeras, kwako wewe ni magharibi, na si mbali. Nguvu unayo ya kutosha. Shida yako ni kwamba mawimbi hayakufikii kwa njia moja. Yapo yanayokuja moja kwa moja, yapo yanayogonga nyumba ya jirani kwanza, yapo yanayogonga tangi la maji, na yote yanakutana sebuleni kwako. Yakikutana vizuri yanasaidiana. Yakikutana vibaya yanafutana. Wimbi moja la televisheni lina urefu wa nusu mita hivi, dhiraa na kidogo, kwa hiyo mahali pazuri na mahali pabaya vinaweza kuachana kwa shubiri moja tu. Shubiri, mama! Ndiyo maana ukiweka antena juu ya kabati hupati kitu, ukiisogeza hadi kwenye ncha ya kabati hilohilo unapata stesheni thelathini.

Mwili wa mtoto nao unachangia kidogo. Mwili ni maji na chumvi, unapitisha umeme, kwa hiyo akishika antena anakuwa sehemu yake. Lakini mara tisa kati ya kumi ninazoitwa nyumbani kwa watu, siri ni ile sehemu aliposimama na ule urefu alioinulia mkono.

Fanya hivi. Nenda kwenye menyu ya televisheni, utafute ukurasa unaoonyesha mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mmoja wa ubora. Uache wazi. Usiangalie nguvu, angalia ubora. Nimeona nguvu 90 na ubora 20, na picha ilikuwa vipandevipande kama kioo kilichoanguka. Kisha chukua antena utembee nayo polepole, shubiri kwa shubiri, ukianzia dirisha la upande wa magharibi, na kila unaposimama hesabu hadi tano kabla ya kusogea, kwa sababu televisheni huchelewa kusema. Juu ni bora kuliko chini. Ukipapata, bandika hapohapo kwa gundi ya karatasi, hata kama ni mahali pa aibu. Nina mteja Tudor ambaye antena yake inaning'inia katikati ya pazia la sebule kama hirizi, na hakuna siku televisheni yake imeganda. Ukishaibandika ndipo utafute stesheni upya, si kabla. Ukitafuta antena ikiwa mahali pabaya, televisheni inafuta hata zile ulizokuwa nazo, na ndiyo maana kumi na nane zako zikawa tisa.

Lakini dirishani kuna mitego miwili. Ule wavu wa mbu, ukiwa wa chuma, kwa mawimbi haya ni ukuta, kwa sababu matundu yake ni madogo mno. Ule wa plastiki hauna neno. Na zile nondo za kuzuia wezi, usiache antena iziguse. Iweke shubiri moja nyuma yake.

Jingine: antena yako ina waya mdogo wa USB. Umeuchomeka? Nauliza kwa sababu wengi huufunga kwa mpira na kuuficha, wakidhani ni wa kuchajia. Ndani ya waya wa antena hizo kuna kipaza mawimbi, na kikikosa umeme wake wa volti 5, hakiachi tu kusaidia, kinaziba njia. Uchomeke nyuma ya televisheni, uone. Ukishauona unafanya kazi, uchomoe, ulinganishe, maana kwa wewe uliye karibu na mnara huenda kipaza kinazidisha. Mawimbi yakizidi, televisheni huchanganyikiwa sawasawa na yanapopungua.

Hapo nimegusa habari ya busta, yaani kipaza mawimbi, na nitasema neno moja nisije nikagombana na wenye maduka. Busta haiumbi mawimbi. Inachukua kilichopo, kizuri na kibaya, inakikuza chote. Antena ikiwa mahali pabaya, busta inakuletea ubaya mkubwa zaidi.

Na jioni? Mwaka juzi niliitwa nyumba moja ambayo televisheni iliharibika kila siku saa ya Maghrib, hata dakika haikosi. Mwenye nyumba, mzee wa heshima, alishaanza kuzungumza habari za jini. Nilikaa naye nikanywa kahawa, nikangoja. Adhana ikalia, mjukuu akainuka akawasha taa ya baraza, picha ikaganda. Nikamwambia mtoto azime. Picha ikarudi. Ilikuwa taa ya LED ya bei ya chini kabisa, imefungwa dhiraa mbili kutoka kwenye antena, na ndani yake hakuna kile kifaa cha kuzuia kelele za umeme. Basi jioni yako, mama, zima taa moja moja, chomoa chaja moja moja, utamkamata mwizi.

*Fundi, mimi wa Likoni. Swali fupi. Citizen, NTV na KTN zimepotea zote siku moja. KBC ipo, na nyinginezo nyingi zipo. Jirani asema zimefungiwa. Kweli?*

Si kweli. Stesheni za dijitali haziji kila moja peke yake kama zamani. Zinapakiwa nyingi pamoja kwenye wimbi moja, kama abiria kwenye matatu, na matatu likikosa kufika kwako, abiria wote wamekosa. KBC na wengi wengine wanabebwa na msafirishaji aitwaye Signet. Hizo tatu ulizozitaja, makampuni yao yaliungana yakaanzisha msafirishaji wao, ADN. Wewe umekosa gari moja, hukufungiwa. Sogeza antena ukiwa umefungua mojawapo ya hizo tatu, si ukiwa umefungua KBC ambayo huna shida nayo. Nashangaa watu wengi wanavyorekebisha antena wakitazama stesheni iliyo nzima.

*Salaam aleikum. Kaka yangu yuko Minnesota, alituletea televisheni ya inchi 55 kwenye kontena. Picha yake kwenye YouTube ni ya ajabu kwa uzuri. Lakini tumeinunulia antena tatu tofauti, na kila tukitafuta stesheni inatuambia sifuri. Fundi wa hapa Mtwapa atwambia tununue ya nne, ya nje. — Wa Mtwapa*

Wa aleikum salaam. Usinunue ya nne. Ungeifunga hata juu ya mnara wenyewe, ingekuambia sifuri.

Marekani wana utaratibu wao wa kutuma televisheni, unaitwa ATSC. Stesheni zao kubwa zilizima analojia tarehe 12 Juni 2009 zikauhamia. Sisi Kenya tunatumia DVB-T2, kwa kifupi T2, na nchi nyingi za Afrika hivyohivyo. Kile kipokezi kilichomo ndani ya televisheni ya kaka yako hakijui kabisa T2, na hakuna mahali pa kukirekebisha kwenye menyu. Picha zinafika hadi kwenye tundu la antena na hapo zinakwama.

Kabla ya jambo lolote, lakini, geuza televisheni usome kibandiko cha nyuma. Kwao umeme ni volti 120, kwetu 240. Kibandiko kikisema 100 hadi 240, vizuri. Kikisema 120 peke yake, basi nataka kujua mnaitumiaje, na natumaini mna transfoma. Mteja wangu mmoja hakusoma. Ilidumu muda wa kupiga chafya.

Dawa yako ni kisimbuzi cha T2 cha stesheni za bure, kile kidogo kisicho na kadi wala malipo ya mwezi. Antena yoyote kati ya hizo tatu iingie kwenye kisimbuzi, na kisimbuzi kiingie kwenye televisheni kwa waya wa HDMI. Na hapa ndipo mafundi wengi hukwama tena: ukiona skrini inabaki nyeusi au yasema hakuna picha, ni kwamba televisheni nyingi za Marekani hazipokei picha ya hezi 50. Kisimbuzi kichomeke kwanza kwenye televisheni ya jirani, ingia menyu yake, badilisha picha ya kutokea iwe hezi 60, kisha rudi nacho kwako.

Na nyinyi mnaonunua televisheni zilizotumika kutoka Uingereza, sikilizeni hapohapo. Zenye neno Freeview peke yake, yaani huduma yao ya stesheni za bure, za zamani, nyingi zina DVB-T ya kwanza tu, wala si T2, na hapa kwetu hazishiki. Zenye Freeview HD zina T2. Herufi mbili hizo zina thamani ya elfu kadhaa, basi zisome dukani kabla hujafungua mfuko.

Mnakumbuka Februari 2015? Analojia ilipozimwa, stesheni kubwa zikakaa gizani karibu wiki tatu kwa ule ugomvi wa kuhama. Dukani kwangu watu walipanga foleni wakiwa na televisheni nzima kabisa, wakidhani zimekufa. Nilichoka kuwaeleza, nikaandika kwa chaki mlangoni: TV YAKO HAINA UGONJWA. Siku hizi televisheni mpya nyingi zinazouzwa madukani kwetu zina T2 ndani, kisimbuzi hazihitaji, na bado naona watu wanalipia dekoda ili kutazama stesheni ambazo zingeingia bure kupitia waya uleule. Ukiwa na antena ya dekoda yako ya kulipia iliyofungwa dirishani au juu ya paa, na si sahani, ichomoe kwenye dekoda uichomeke nyuma ya televisheni, utafute. Zitakazokuja na alama ya kufuli ni za kulipia. Zinazobaki ni zako.

*Mambo Fundi. Mimi ni mwanafunzi, nakaa bedsita Githurai. Sina hata mia tano ya antena. Kuna njia ya kutengeneza? Nina TV ndogo yenye T2.*

Poa, mwanangu. Ipo, na nakwambia tena ni nzuri kuliko nyingi za dukani.

Tafuta waya wa shaba wa kuwekea umeme nyumbani, ule mgumu, ukate vipande viwili vya sentimita 13 kila kimoja. Si namba ya kubahatisha. Televisheni yetu husafiri kati ya megahezi 470 na 694. Katikati hapo wimbi lina urefu wa sentimita hamsini na kitu, na antena yenye mikono miwili hupenda iwe nusu ya wimbi ncha hadi ncha. Ukikosea sentimita moja dunia haitaanguka.

Kisha pata mita mbili tatu za kebo ya antena, ile nene ya duara. Waliobadilisha kebo za sahani huzitupa, omba. Menya mwisho wake. Utaona waya mmoja wa katikati na wavu unaouzunguka. Funga waya wa katikati kwenye mkono mmoja, usokote wavu uufunge kwenye mkono wa pili. Hata uzi mmoja wa wavu ukigusa waya wa katikati, umekwisha, hutapata kitu, na hilo ndilo kosa la kila anayeanza. Kile kiunganishi cha plastiki cha skrubu mbili, cha shilingi ishirini, kitakushikia vizuri. Mikono inyooke pande mbili kama mtu aliyesimama msalabani, kebo iteremke katikati. Igonge misumari kwenye kipande cha mbao au kata la boksi. Upande wa pili wa kebo tia plagi ya antena.

Uso wake uelekee Limuru, kwako wewe ni magharibi hivi. Nimesema uso, si ncha. Ncha za mikono ni vipofu, ukizielekeza mnara hutaona kitu. Na tazama juu ya mapaa ya majirani: miiba ya antena zao ikiwa imelala, na yako ilale, ikiwa imesimama, isimamishe. Wale walishahangaika kwa niaba yako.

*Fundi nimekukasirikia. Toleo lililopita ulisema karatasi ya foili ya jikoni husaidia antena ya ndani. Mume wangu akasoma, akaifunga antena yote kwa foili kama kuku anayeingia oveni. Tumekosa hata zile tano tulizokuwa nazo. — Msomaji wa Bamburi*

Dada, samahani, kosa ni langu. Niliandika "weka foili nyuma" na sikusema nyuma ya nini wala umbali gani. Kuifunga ni kuizika. Foili kwa mawimbi ni kioo: ikiwa mbele inayarudisha yalikotoka, ikiwa nyuma inayarudisha kwenye antena, na hilo la pili ndilo tunalolitaka.

Lakini nimepata kitu bora kuliko foili, na nimekijaribu kwangu. Chukua sinia ya bati, ile kubwa ya biriani. Isimamishe nyuma ya antena, upande usio wa mnara, ukiacha nafasi ya nusu shubiri, yaani sentimita 12 hivi. Isiguse. Kwangu, ubora ulipanda kutoka 48 hadi 71, na kelele za pikipiki zinazopita nyuma ya nyumba, ambazo zilikuwa zikikata picha kila mara, zikapungua sana, kwa kuwa sinia inaziba huko nyuma. Ubaya wake ni siku ya wageni. Mke wangu alikuja akaichukua katikati ya mpira kwa sababu wali umeiva.

*Fundi wetu, nipo Voi, nyumba ya mabati, kuta za matofali. Antena ya ndani haishiki kitu. Nibadilishe aina gani? — N.*

Usibadilishe aina. Toka nje. Bati halina huruma, na chini yake antena ya ndani ni kama mtu aliyefunikwa sufuria. Ungekuwa na paa la makuti ningekuambia ujaribu. Nunua ile ya miiba ya samaki, uifunge kwenye mti wa mita tano au sita kando ya nyumba, uielekeze milima ya Taita, uliko mnara wa Vuria. Zungusha polepole mwingine akikutazamia ubora ndani. Mvua ya radi ikianza kunguruma, ichomoe nyuma ya televisheni, usingoje ifike.

*Shikamoo Fundi. Ni mvuvi wa Vanga. Antena yangu naiweka dirishani na mwaka mzima inafanya kazi, si vizuri sana lakini inafanya. Ikifika Januari, Februari, usiku bahari ikiwa shwari na joto jingi, picha inakatika saa mbili tatu, kisha alfajiri inarudi yenyewe. Nimebadilisha kebo, nimebadilisha antena, nimebadilisha hata TV. Shemeji yangu ameniuzia busta. Imezidisha.*

Marahaba mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha, maana nimekuwa nikingoja mtu wa huko aniulize.

Kila ulichokibadilisha kilikuwa kizima. Kinachokusumbua ni kaskazi. Msimu huo, usiku wa shwari, hewa ya joto hutanda juu ya hewa iliyo karibu na maji, na kati ya hizo mbili hutokea kama mfereji. Mawimbi ya televisheni ambayo kwa kawaida yangepotelea angani upeo ukiisha, yanaingia humo na kuteleza juu ya bahari mamia ya kilomita. Nawe uko mahali ambapo Pemba iko mbele yako bila kilima hata kimoja katikati. Mawimbi ya mnara wa mbali unaotumia masafa yaleyale ya mnara wetu yanafika kwako wakati mmoja na ya mnara wako, televisheni inasikia wawili wakizungumza pamoja na haimwelewi yeyote. Wakati wa analojia ungeona chenga, na kivuli cha picha nyingine nyuma ya msomaji habari. Dijitali haina chenga. Inaganda tu, ndiyo maana unadhani kitu kimekufa. Na busta ya shemeji inamkuza yule mgeni pia.

Wazee wa kwenu walikuwa wakiupenda mfereji huu. Zanzibar ilianza televisheni ya rangi mwaka 1973, wakati sisi bado tunatazama nyeusi na nyeupe, na Tanzania Bara haikupata televisheni yoyote mpaka 1994. Nilipoanza kazi nilikutana na mzee mmoja wa Shimoni aliyekuwa na antena juu ya mnazi, ameielekeza baharini, na usiku wa kaskazi nyumba yake ilijaa watu hadi uani kuja kuona rangi. Alikuwa akipanda mwenyewe kuizungusha. Alinionyesha mapaja yake yalivyochubuka.

Kwako wewe, rudisha busta kwa shemeji. Antena ihamishe kutoka dirisha la baharini, uipeleke dirisha la bara, na nyuma yake, upande wa bahari, simamisha ile sinia niliyomwambia dada wa Bamburi, ili ikukinge na Pemba. Itapunguza, haitamaliza. Usiku mbaya kabisa zima televisheni ukalale, uwahi ngalawa. Kusi ikianza kuvuma Aprili, picha itatulia.